Kona ya Fundi: Meno ya Mbele, Meno ya Nyuma

Barua nne zimenifikia mwezi huu, na zote zinauliza habari za baiskeli isiyo na friwili (kile kifaa kinachoacha gurudumu lizunguke pedali zikiwa zimetulia), ile vijana wanaiita fiksi. Kwa asiyeijua: kwenye fiksi, sproketi ya nyuma, yaani duara la meno linaloshika cheni, imeshikana moja kwa moja na gurudumu. Gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka, upende usipende. Huwezi kuacha kukanyaga ukaserereka kama ulivyozoea. Miaka tisa nilifanya kazi London, kwenye karakana iliyohudumia matarishi wa baiskeli, na siku nyingine fiksi kumi zilipita mkononi mwangu. Sasa banda langu liko Ngamiani, Tanga, na nafurahi kuona zimeanza kuingia huku. Nitajibu kwa urefu pale penye hatari.

Fundi, shikamoo. Fiksi yangu ina meno 48 mbele na 16 nyuma, tairi 700 kwa 25. Naishi Kilimani, nafanya kazi mjini. Asubuhi nateremka Valley Road, jioni naipanda. Huu ni mwezi wa tatu magoti yananiuma, la kulia zaidi. Wenzangu wananiambia nivumilie nitazoea, eti gia nyepesi ni ya watoto. Nifanyeje?
*Msomaji, Nairobi*

Marahaba, kijana wangu. Maumivu ya goti hayazoeleki, kwa hiyo ushauri huo uweke kando kuanzia leo.

Tuanze na hesabu. Gawa 48 kwa 16, unapata 3. Maana yake kila ukikamilisha mzunguko mmoja wa pedali, gurudumu limezunguka mara tatu. Tairi lako likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.1. Pima mwenyewe: weka alama ya chaki kwenye tairi, sukuma baiskeli mpaka alama irudi chini, pima sakafuni. Kwa hiyo mzunguko mmoja wa mguu wako unakupeleka mita 6.3. Kwenye barabara tambarare ni raha tupu. Ukizungusha mara 90 kwa dakika, uko kilomita 34 kwa saa.

Lakini jioni Valley Road unaipanda kwa kilomita 12 kwa saa, pengine chini ya hapo. Kwa mwendo huo miguu inazunguka mara 32 tu kwa dakika. Hapo hukanyagi tena, unasukuma ukuta kwa mguu mmoja mmoja, na uzito wote unapita kwenye goti. Halafu asubuhi, ukiwa unateremka, unakaza mguu kurudisha nyuma ili upunguze mwendo, na goti lile lile linabeba kazi ya breki. Kwenye fiksi goti halipumziki kupanda wala kushuka.

Hao wanaosema gia nyepesi ni ya watoto wamewatazama waendesha baiskeli wa mashindano ya uwanjani. Ni kweli, Eddy Merckx wa Ubelgiji alipoweka rekodi ya kwenda mbali zaidi kwa saa moja Mexico City mwaka 1972, kilomita 49.431, alikuwa na meno 52 mbele na 14 nyuma. Filippo Ganna wa Italia, mwaka 2022 kule Grenchen, Uswisi, alitumia 65 kwa 14 akafika kilomita 56.792. Lakini wale wanaanza mara moja, hawasimami, hawana kilima, na hakuna matatu inayowakatia njia ili ishushe abiria. Wewe unasimama na kuondoka pengine mara thelathini kabla ya kufika kazini. Gia ya uwanjani si gia ya mjini.

Ushauri wangu: acha sproketi ya mbele ilivyo, nunua ya nyuma yenye meno 19. Unapata 2.53, yaani mita 5.3 kwa mzunguko. Kwenye kile kilima miguu itazunguka mara 38 badala ya 32. Kwenye karatasi tofauti inaonekana ndogo, ila goti litaijua siku ya kwanza. Kwenye tambarare, mizunguko 90 itakupa kilomita 28 na nusu kwa saa, na mjini hupati nafasi ya kwenda zaidi ya hapo kwa muda mrefu.

Kuna gharama yake, nisikufiche. Ukiteremka kwa kilomita 40 kwa saa, gia ya sasa inataka mizunguko 106 kwa dakika, na ile ya 19 itataka 126. Asiyezoea hurushwarushwa kwenye kiti. Ndiyo maana nauliza jambo ambalo hukuliandika: una breki ya mbele? Kama huna, pesa ya kwanza iende huko, ya pili ndiyo inunue sproketi. Ukiwa na breki nzuri mbele unachagua gia kwa ajili ya kupanda, na mteremko unaudhibiti kwa mkono.

Ukifunga hiyo 19, meno matatu yaliyoongezeka yatakula cheni, na ekseli itasogea mbele kama milimita 9 au 10. Angalia kama nafasi ya ekseli kwenye fremu inaruhusu na tairi halitagusa bomba la kiti. Ikigoma, ongeza kiungo kimoja kizima cha cheni, yaani pini mbili, na ekseli itarudi nyuma milimita 3 hivi kutoka ilipo sasa.

Pia soma namba iliyogongwa nyuma ya mkono wa kranki, ule unaoshika pedali; ni urefu wake kwa milimita. Kama ni 170 au 172.5, siku ukibadilisha tafuta 165. Goti litakunjika pungufu kuliko sasa, na kwenye kona pedali haitakwaruza lami. Wenye friwili wanainua pedali ya ndani wakikata kona, wewe huwezi. Na kama wiki tatu baada ya mabadiliko goti bado linauma, mwone daktari.

Mzee wangu, nimenunua fremu ya zamani ya chuma, ya mtumba, nzuri sana. Gurudumu la nyuma lina friwili ya kufunga kwa thredi. Fundi wa mtaani ananiambia atachomelea friwili isizunguke, iwe fiksi, kwa bei ndogo. Wengine wanasema nifunge tu sproketi ya fiksi kwenye habu hiyo hiyo, yaani kitovu cha gurudumu, kwa gundi ya chuma. Ipi ni bora?
*Msomaji, Morogoro*

Hakuna iliyo bora, mwanangu. Zote mbili zinaweza kukuua, na sababu ni moja. Nitakueleza taratibu, ili kesho mtu mwingine akikuambia vingine uwe na la kujibu.

Shika hilo gurudumu, upande wa cheni ukuelekee. Thredi za habu yako ziko za aina moja, za kukazia kulia, kipenyo inchi 1.37, nyuzi 24 kwa kila inchi. Unapokanyaga kwenda mbele, cheni inaivuta sproketi kulia, kwa hiyo kila ukikanyaga unazidi kuikaza. Kwenye friwili hilo linatosha, maana ukirudisha mguu nyuma friwili inazunguka bure na haivuti chochote. Ukiichomelea, au ukifunga sproketi ya fiksi mahali pake, kila unapokaza mguu kupunguza mwendo unaivuta kushoto. Kushoto ni kufungua. Unaifungua sproketi yako mwenyewe kwa nguvu ya miguu miwili, tena wakati ule ule unaohitaji kusimama.

Habu halali ya fiksi ina ngazi mbili. Ya kwanza ni hiyo hiyo ya inchi 1.37. Nje yake kuna ngazi ndogo zaidi, inchi 1.29, na thredi zake zinakazia kushoto. Hapo inakaa loknati. Sproketi ikitaka kufunguka kwenda kushoto, inaisukuma loknati upande ambao loknati nayo inazidi kukaza. Chuma kinalinda chuma. Ni pete nyembamba, inatosha kwenye kiganja, na ndiyo iliyobeba uhai wa mpandaji.

Utakutana na mwerevu atakayekupa loknati ya kikombe cha kranki, ile inayokaa chini ya fremu pale kranki inapozungukia. Ni kweli inaingia, kwa sababu thredi zake ni zile zile za 1.37 kwa 24. Lakini inakazia kulia kama sproketi yenyewe. Zikianza kufunguka zinafunguka pamoja. Na gundi inashika hadi siku itakapoachia, haikupigii hodi.

Nasema hivi kwa sababu yamenikuta. Mwaka wangu wa pili London niliazima baiskeli ya mtu aliyekuwa amefunga sproketi hivyo hivyo. Nilikuwa natoka Crystal Palace kuteremka Anerley Hill, na ule mteremko una ukali. Katikati nikakaza mguu wa kushoto. Nikahisi pedali imerudi nyuma kidogo, laini, kama kifuniko cha chupa kikifunguliwa. Nikakaza tena, ikarudi robo mzunguko. Mara ya tatu miguu ikazunguka nyuma bila kushika kitu. Chini naona taa nyekundu na basi limesimama. Breki ya mbele ilikuwepo, mbovu, waya umelegea, nikaivuta mpaka mpini ukagusa usukani. Nilisimama nimeegemeza bega kwenye basi. Nilipoivua ile sproketi baadaye, thredi za habu zilitoka nayo kama uzi wa nazi. Tangu siku hiyo sijamfungia mtu sproketi ya fiksi kwenye habu isiyo na loknati, hata akinibembeleza.

Sasa wewe na fremu yako. Kwanza tazama zile nafasi za kuingizia ekseli. Zikiwa za kulala, ambazo gurudumu linaweza kusogezwa mbele na nyuma, una bahati, fremu inafaa. Zikiwa za kusimama wima, hutaweza kukaza cheni, na fiksi yenye cheni legevu ni hatari. Hapo achana na mpango huu.

Pili, pima upana wa ndani kati ya hizo nafasi mbili. Habu ya fiksi kwa kawaida ni milimita 120. Fremu za zamani za barabarani nyingi ni 126, za baadaye 130. Kama ni 126, unatafuta ekseli ndefu kidogo na kuweka washa za milimita 3 kila upande. Ni kazi ya nusu saa. Usiikunje fremu kwa kukaza nati tu.

Tatu, gurudumu. Kama ringi yako ya sasa ni nzima, nunua habu peke yake yenye idadi ile ile ya matundu, upeleke kwa fundi anayejua kusuka spoki. Hesabu matundu kabla ya kulipa. Watu wananunua habu ya 32 wakati ringi ni ya 36, halafu vyote vinalala stoo.

Ikiwa pesa haitoshi kwa sasa, baki na friwili yako ya sproketi moja, funga breki mbili nzuri, uendeshe. Fremu itakuwa nyepesi na safi vile vile. Habu itanunuliwa pole pole.

Fundi, salaam kutoka London. Mimi ni wa Mombasa, nasoma huku. Nina fiksi ya 48 kwa 16 kama ilivyotoka dukani. Mambo matatu: tairi la nyuma limelika mahali pamoja tu mpaka kitambaa kinaonekana, na lina miezi miwili. Nimebadilisha cheni lakini mpya inaunguruma kuliko ya zamani. Na sproketi ya nyuma imegoma kufunguka, nimevunja spana moja.
*Msomaji, London*

Aleikum salaam, ndugu yangu. Umenikumbusha karakana.

Tairi kwanza. Unasimama kwa kufunga mguu na kuburuza gurudumu, na kila mtu ana mguu wake wa kufungia. Wewe gia yako ni 3 kamili. Kila mguu unaporudi pale unapopenda kufunga, gurudumu nalo limerudi pale pale, kwa hiyo unaburuza sehemu ile ile kila siku. Kanuni yake ni hii: andika meno ya mbele juu ya meno ya nyuma kama sehemu ya hesabu, ipunguze mpaka isipungue tena, namba ya chini ndiyo idadi ya mahali tairi litakapolika. 48 kwa 16 ni 3 kwa 1, mahali pamoja. 44 kwa 16 ni 11 kwa 4, mahali panne. 48 kwa 17 haipunguki, mahali 17. Jino moja tu la nyuma, na tairi lililokufa kwa miezi miwili litadumu kwa miezi mingi. Na namba ya juu ikiwa witiri, kama 47 kwa 17, mtu anayefunga kwa mguu wowote anapata mara mbili, 34. Chukua sproketi ya 17. Tairi la sasa litupe leo, usisubiri mwisho wa mwezi.

Kuhusu kufungua: nadhani umekuwa unazungusha loknati upande usio wake. Soma jibu la mwenzako wa Morogoro. Loknati inakazia kushoto, kwa hiyo inafunguka kwenda kulia, mwendo wa mikono ya saa. Tumia spana yake yenye ndoana inayokaa sawasawa kwenye mfereji. Nyundo na patasi vinaharibu pete. Ikishatoka, sproketi yenyewe inafunguka kushoto.

Ikigoma, kuna njia ya karakana isiyohitaji spana ya cheni. Fremu iwe ya chuma, si ya kaboni wala alumini nyembamba. Toa loknati. Funga gurudumu kwenye fremu kwa nati zote mbili, kaza hasa. Zungushia kitambaa kinene kwenye lile bomba la chini linaloshika kranki, ili rangi isichubuke. Cheni ikae kwenye sproketi ya nyuma, na ule upande wa mbele usiupeleke kwenye kranki bali uzungushie juu ya kitambaa, ujibane wenyewe. Kisha shika tairi kwa mikono miwili, zungusha gurudumu kama linakwenda mbele. Urefu wa spoki ndio mpini wako, na hakuna spana ya dukani yenye mpini huo. Utasikia mlio mmoja mkavu, *ta!* Imeachia. Ukiona cheni inalegea badala ya kubana, umeizungusha vibaya, anza upya.

Wakati wa kufunga 17 mpya, safisha thredi kwa brashi, paka grisi, anza kwa vidole. Mizunguko mitatu ya mwanzo iingie bila nguvu yoyote. Kaza, weka loknati, kaza. Kisha panda kilima chochote ukikanyaga kwa nguvu, rudi, ukaze loknati tena. Itakubali robo mzunguko hivi. Hiyo robo wengi hawairudii.

Sasa ule mngurumo. Cheni mpya kwenye meno ya zamani italia tu. Cheni inalika kwenye pini na kurefuka, na meno yanalika yakifuata ule urefu, yanainama kama ndoana. Chukua rula ya inchi. Viungo 12 vizima, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, ni inchi 12 kamili cheni ikiwa mpya. Ikisoma 12 na 1/16, badilisha mara moja, na sproketi zitapona. Ikifika 12 na 1/8, badilisha cheni na sproketi kwa pamoja. Kwa kuwa ya nyuma unainunua tayari, tazama meno ya mbele. Kama bado yana mabega sawa pande zote mbili, yaache.

Ukimaliza, geuza baiskeli, zungusha kranki pole pole kwa mkono mmoja huku unaibonyeza cheni katikati kwa kidole cha mkono mwingine. Icheze kama sentimita 1. Utakuta mahali inabana na mahali inalegea, kwa sababu sproketi ya mbele haijakaa katikati barabara. Legeza zile bolti tano nusu mzunguko, igongegonge taratibu kwa mpini wa nyundo pale inapobana, kaza kidogo, zungusha tena. Nilikuwa napenda kazi hii kuliko zote. Ikikaa sawa, unazungusha na husikii kitu.

Na breki ya mbele usiivue kwa ajili ya urembo. Sheria ya huko inataka njia mbili za kusimama. Gurudumu la fiksi linahesabiwa kuwa moja, breki ya mbele ndiyo ya pili.

Kaka Fundi, habari za kazi. Mwanangu wa miaka 12 ameachiwa na binamu yake baiskeli moja ya hizi za fiksi. Anataka kwenda nayo Raskazone na wenzake. Mimi roho inanidunda. Nimkubalie?
*Mama, Tanga*

Salama, dada. Baiskeli asinyang'anywe, ila bado asiiendeshe ikiwa fiksi.

Geuza gurudumu la nyuma utazame upande wa pili wa habu. Nyingi zina thredi pande zote mbili, upande mmoja wa fiksi, mwingine wa friwili. Hata kwenye Tour de France mpaka mwaka 1936 wakimbiaji walikuwa wakishuka, wanageuza gurudumu kupata sproketi nyingine, wanapanda tena. Gia za kubadilisha njiani ziliruhusiwa mwaka 1937. Kwa mwanao tutafunga friwili upande huo, na breki mbili. Akifika miaka kumi na tano tutageuza, nimfundishe mwenyewe.

Jambo moja nataka umwambie leo jioni, kabla hajalala: asiisafishe cheni wakati gurudumu linazunguka. Kule karakana kijana mmoja aliigeuza fiksi juu chini, akaisukuma pedali, akashika cheni kwa kitambaa kama alivyozoea kwenye baiskeli za kawaida. Kwenye friwili kitambaa kikinasa, kranki inasimama. Kwenye fiksi gurudumu zito linaendelea kuvuta. Kitambaa kiliingia kwenye meno na kidole kikakifuata, na kabla hajapiga kelele ncha ya kidole cha shahada ilikuwa imekwenda. Cheni ya fiksi inasafishwa gurudumu limesimama, kipande kwa kipande.

Mlete Jumamosi asubuhi kabla jua halijakuwa kali. Avae viatu vya kufunika vidole, na kamba azichomeke ndani.